Kisu cha kukunja na chuma cha Ufipa

Nimekuwa kimya hapa kama wiki tatu, mnisamehe. Nilikuwa nyumbani Sumbawanga, na ukiwa kwa wazee huandiki, unasikiliza. Wale wenzangu wa Dar ambao mkisikia jina la Sumbawanga mnawaza radi za kiangazi na watu wanaosafiri kwa ungo, leo sina hadithi ya aina hiyo. (Jina lenyewe, kwa Kifipa, linamwambia mtu atupe uchawi wake kabla hajaingia. Hilo huwa hamlisemi.) Leo nina habari za kisu.

Habari yenyewe inaanzia mwaka 2013. Tarehe 28 Machi mwaka ule Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio namba 2098, na kwa azimio hilo ikaundwa brigedi ya kwenda mashariki ya Kongo siyo kulinda tu bali kushambulia makundi yenye silaha. Wanajeshi wake walitoka Tanzania, Afrika Kusini na Malawi. Binamu yangu, mtoto wa mjomba, alikuwa mmoja wa waliopangiwa kwenda. Yeye ni mkubwa kwangu, namwita kaka. Akanipigia simu siku moja jioni.

"Mdogo wangu, wewe unakaa Dar, vitu vizuri mnaviona nyie. Nitafutie kisu kidogo cha kukunja. Kiwe cha kuaminika."

Nikaona kazi gani hiyo! Kesho yake nikashuka Kariakoo. Nilipata kisu cheusi tii, bapa lina matundu matundu kama la kwenye sinema, mpini una michoro, na kina kibanio cha kuning'iniza mfukoni. Muuzaji akakifungua kwa kidole gumba kimoja, chaa! Nikalipa bila hata kuomba punguzo kubwa, na mimi huwa naomba.

Kaka alikuja kukichukua jioni. Akakifungua, akakifunga, akakigeuza. Akachukua kipande cha mbao kilichokuwa nje, akachomeka ncha na kusukuma kidogo, siyo kwa nguvu. Komeo likaachia. Bapa likajikunja lenyewe na kumkuta kidole cha shahada. Nyuzi tano, siku kumi kabla ya safari.

Hakupiga kelele. Alifunga kidole kwa leso yake, akaniangalia, akasema, "Mdogo wangu, ungenipa hiki nikakifungulie kule, ningekufa kwa aibu kabla ya risasi." Akacheka. Mimi sikucheka, na mpaka leo nikiiona ile alama kwenye kidole chake naangalia pembeni.

Usiku ule mjomba akapiga simu kutoka kijijini. Tayari alishaambiwa. Hakunigombeza, aliuliza swali moja tu: "Kwani hicho kisu kakifua nani?"

Nikabaki nimeshika simu. Kakifua nani? Mjomba, kimetoka kiwandani. Kiwanda gani? Sijui. Wapi? Sijui. Kwenye bapa kulikuwa na neno moja la Kiingereza lisilo na maana yoyote. Mzee akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi hukununua kisu, umenunua picha ya kisu."

Ndugu msomaji, swali la mjomba si la mzee aliyepitwa na wakati. Uwanda wa Ufipa ni mahali ambapo, kwa vizazi vingi, swali hilo lilikuwa na jibu. Ndiyo maana nataka tuifuatilie historia hii polepole.

Uwanda wetu uko juu, Sumbawanga mjini ni zaidi ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, katikati ya maziwa mawili: Tanganyika upande wa magharibi na Rukwa mashariki. Ni nchi ya majani, upepo na baridi ambayo watu wa pwani hawaiamini mpaka waje bila sweta. Ukitembea vijiji vya Wilaya ya Nkasi utakutana na minara ya udongo imesimama porini, mingine imeinama, mingine imevunjika nusu, na pembeni mwake marundo ya mavi ya chuma, yale mabaki meusi yanayobaki chuma kikishatolewa kwenye mtapo. Watoto huicheza. Wageni huuliza kama ni vichuguu. Hawajakosea sana, kwa kuwa udongo wake ni wa kichuguu, lakini walioijenga ni watu. Hayo ndiyo malungu, na moja huitwa ilungu. Ni tanuri za kuyeyushia chuma.

Ilungu lilifika kimo cha kama mita tatu. Kimo hicho hakikuwa cha kujionyesha, ndicho kilichokuwa mashine yenyewe. Mahali pengi Afrika wahunzi walipuliza moto kwa mivukuto tangu mwanzo, mtu anakaa anasukuma hewa mpaka mabega yanaisha. Wafipa walijenga tanuri refu kama bomba la moshi, wakatoboa milango kuizunguka chini, wakapachika mirija ya udongo, na hewa ikaingia yenyewe. Hewa ya moto inapanda, ya baridi inavutwa kwa chini, moto unajipuliza. Ndani walipanga makaa, kuni na mtapo kwa zamu. Kazi iliwaka siku kadhaa. Aliyefikiria jambo hilo hakuwa na kitabu cha fizikia, na mimi niliyefundishwa fizikia kidato cha nne nisingelifikiria.

Kilichotoka humo hakikuwa chuma safi. Lilikuwa bonge lililochanganyika chuma, mkaa na takataka. Hapo ndipo ilipokuja hatua ya pili, ambayo wengi wanaoandika juu ya malungu huiruka kwa sababu haina mnara wa kupiga picha. Bonge lilivunjwa, likapelekwa kwenye tanuri dogo lililoitwa kintengwe, na humo sasa mivukuto ilitumika. Chuma kikachomwa tena kusafishwa, kikatolewa, kikapigwa. Kama takataka zimebaki ndani, hazionekani kwa macho. Utaziona siku bapa linapovunjika, na siku hiyo ni kawaida uwe mbali na nyumbani.

Kwa hiyo mhunzi wa Ufipa alikuwa anauza kitu ambacho mnunuzi hawezi kukikagua. Dhamana yake ilikuwa yeye mwenyewe. Anakaa kijiji cha pili, mnazika pamoja, mnaoleana. Jembe likikatika msimu wa kulima unajua mlango wa kubisha. Ufundi wenyewe ulizungushiwa miiko: fundi mkuu alikuwa na kikapu chake cha dawa, waliofanya kazi ya tanuri walijitenga na wake zao mpaka kazi iishe, na tanuri jipya lilitendewa kama bibi arusi. Vijana wa leo tunacheka mambo hayo. Mimi nayaona kwa namna nyingine pia. Mtu aliyelala porini siku zote hizo bila kurudi kwake, akiamini kwamba uzembe wake utaharibu chuma chote, huyo hawezi kulipua kazi.

Haya siyatoi kichwani. Padri mmoja wa White Fathers aliyeitwa Wyckaert aliandika juu ya wahunzi wa huku katika jarida la Anthropos mwaka 1914, na kichwa cha makala yake kiliwagawa mafundi katika makundi mawili, wapagani na Wakristo. Mwaka 1937 jarida la Tanganyika Notes and Records lilichapa makala ya Greig juu ya uyeyushaji Ufipa. Baadaye akaja Roy Willis, mwanaanthropolojia aliyeishi na Wafipa na kuandika vitabu juu yao. Na Profesa Bertram Mapunda, mwanaakiolojia wetu, aliichimba Nkasi kwa ajili ya shahada yake ya uzamivu aliyoipata Chuo Kikuu cha Florida mwaka 1995, akaonyesha kwamba eneo hili halikuwa na ufundi mmoja wa kuyeyusha chuma, ulikuwepo zaidi ya mmoja. Nawashangaa wahariri wetu. Tukipata mgeni anayepanda Kilimanjaro kwa mguu mmoja tunampa ukurasa mzima, lakini minara hii inabomoka na mvua kila mwaka, kimya.

Sasa, chuma hiki kilitengenezwa nini? Hapa huwa nabishana na wapenzi wa silaha. Kikubwa kilikuwa jembe. Jembe la Ufipa lililima mashamba ya kwetu na likauzwa mbali. Shoka, mkuki na kisu vilikuwepo, lakini nchi hii haikujijengea sifa kwa vita. Hata mapokeo ya utawala wake hayaanzi na vita: mtawala wa Milansi alikwenda kuwinda, wakaja wanawake watatu wageni wa ukoo wa Watwaci, na aliporudi akakuta kigoda kimeshakaliwa. Utawala ukahama bila kisu kuchomolewa. Joseph Thomson, Mskoti aliyepita Ufipa mwaka 1880, aliikuta nchi ya wakulima.

Hatari ilikuja kutoka nje. Wangoni wa Zwangendaba, waliovuka mto Zambezi mwaka 1835, walipanda mpaka huku, na Zwangendaba mwenyewe alifia Ufipa, Mapupo, karibu na mwaka 1848. Baada ya kifo chake watu wake wakagawanyika, wengine wakaenda kaskazini, wengine wakarudi kusini mpaka Zambia ya leo, wengine Songea. Silaha yao ilikuwa mkuki mfupi wa kuchomea, unaobaki mkononi. Hiyo ni falsafa nzima ya chuma: mkuki wa kurusha ukivunjika umeshaondoka, lakini wa kuchomea ukivunjika umebaki wewe na mti.

Kisha wakaja Wajerumani. Kasanga, bandari yetu kwenye Ziwa Tanganyika, wakaibandika jina la chansela wao, wakaiita Bismarckburg, wakajenga boma. Na hapa ndipo kisu cha kukunja kinapoingia kwenye hadithi.

Kukunja kisu si jambo jipya duniani. Huko Hallstatt, Austria, kimepatikana kisu cha kukunja cha zaidi ya miaka 2,500 iliyopita. Waroma walikuwa navyo. Lakini kwa muda mrefu vilikuwa bapa limeshikwa na ribiti moja tu, linaning'inia. Karne ya 17 mafundi wa Sheffield, Uingereza, waliweka springi mgongoni mwa mpini ili bapa likae wazi au likae limefungwa. Springi ile inashikilia, haifungi. Ukisukuma ncha, bapa linarudi. Askari wengi wa Ulaya waliingia vitani na visu vya namna hiyo. Kile cha Uswisi ambacho nyote mnakijua, chenye mpini mwekundu, kilitokana na kisu cha askari kilichoagizwa na jeshi la Uswisi, na shehena ya kwanza, kwa taarifa yenu, ilitengenezwa Solingen, Ujerumani, kwa sababu Uswisi haikuwa na kiwanda cha kuimudu kazi hiyo. Karl Elsener alianza kulipelekea jeshi visu vyake mwaka 1891.

Solingen huohuo ndiko kilikozaliwa kisu kingine, na hiki kinatuhusu zaidi. Mwaka 1901 Harry Johnston, Mwingereza aliyekuwa mkuu wa serikali ya kikoloni Uganda, aliwatambulisha wanasayansi wa Ulaya mnyama wa msitu wa Ituri, Kongo, mwenye miguu ya milia kama pundamilia na ndugu yake ni twiga. Watu wa msituni walimjua siku zote, bila shaka. Mnyama huyo ni okapi. Mwaka 1902 kikaanza kutengenezwa Ujerumani kisu cha kukunja cha bei ya chini, mahsusi kwa kuuzwa kwenye makoloni ya Ujerumani ya Afrika, kikaitwa Okapi. Katika makoloni hayo kubwa kuliko yote, kwa ardhi na kwa watu, lilikuwa hili letu.

Okapi kina mpini wa mbao uliopinda kidogo, na mara nyingi una nakshi ya mwezi na nyota. Uzuri wake uko mgongoni. Pale pana ukanda wa chuma unaobonyea kama springi, una tundu, na shina la bapa lina meno. Ukikifungua kinalia trak-trak-trak, na kikifika mwisho jino linazama tunduni. Hakirudi mpaka uvute pete iliyoko mgongoni. Hakifunguki kwa mkono mmoja, hakipendezi, chuma chake kinashika kutu ukikiacha na maji usiku mmoja. Lakini ukikisukuma, kinasimama. Tangu mwaka 1988 kinatengenezwa Afrika Kusini, na mijini huko kina sifa mbaya ya wakabaji, jambo ambalo si kosa la kisu.

Nikirudi kwetu: vitu vya viwandani ndivyo vilivyoua malungu, na havikuyaua kwa ubora. Jembe la Ulaya lilikuwa rahisi, lilikuja kwa wingi, na halikuhitaji mtu alale porini siku kadhaa akichoma miti. Kanisa nalo halikupenda kile kikapu cha dawa. Miaka ya 1930 bado walikuwepo waliojua kuyeyusha, kisha tanuri zikazimwa moja baada ya nyingine. Mhunzi hakufa, lakini alibadilika kutoka mtu anayezaa chuma akawa mtu anayekigeuza cha wengine.

Katikati ya mabadiliko hayo vita vya wakubwa vikafika kwetu. Juni 1916 majeshi ya Waingereza kutoka Rhodesia ya Kaskazini yaliizingira Bismarckburg, na Wajerumani na askari wao wakatoroka usiku kwa njia ya ziwa, huku boti za kivita za Kiingereza za kamanda Spicer-Simson zikiwa hazikuwazuia. Waingereza wakalipata boma tupu. Vitabu vingi hupenda kisa hicho kwa sababu kamanda yule alikuwa kituko. Mimi nafikiria wapagazi, wale waliobeba mizigo ya pande zote mbili bila bunduki na bila viatu, wakafa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa kuhara na njaa. Hao ndio hasa waliokwenda hatarini, na hakuna aliyewauliza wanahitaji kisu gani.

Sasa nirudi kwa mjomba, maana swali lake halikutoka hewani.

Tarehe 30 Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera. Tanzania ikakusanya askari na mgambo kutoka mikoa yote, na mjomba, akiwa kijana wa miaka ishirini na kitu, alikuwa mmoja wa mgambo waliochukuliwa kutoka Rukwa. Kutoka Ufipa mpaka Kagera ni kuivuka nchi nzima. Kabla ya kuondoka, baba yake alimpeleka kwa mhunzi wa kijiji. Mhunzi huyo hakuwa na ilungu. Alikuwa na kipande cha springi ya lori lililokufa barabarani, na huo ndio mtapo wa wahunzi wetu mpaka leo. Tusiwadharau: springi ya lori ni chuma cha pua kilichoundwa kubeba tani na kupinda maelfu ya mara bila kukatika. Pengine hakuna mtapo ulioingia kwenye ilungu uliotoa bapa bora kuliko hilo.

Mjomba anasema mhunzi alikifua kisu, akakizamisha kwenye mafuta, kisha akakipiga ubapa kwenye jiwe na kukisogeza sikioni. Akasikiliza. Chuma chenye ufa hakilii vizuri, sauti inakwama. Cha kwanza hakikumridhisha, akakirudisha motoni mbele ya macho yao. Cha pili akakichomeka kwenye gogo, akakipinda mpaka mjomba akafumba macho, akakiachia. Kikanyooka. Ndipo akakikabidhi, siyo kwa mjomba bali kwa baba yake, akasema kwa Kifipa maneno ambayo maana yake ni: kikimwangusha, uje kwangu.

Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979. Mjomba alirudi na kisu. Nilimuuliza safari hii kama alikitumia vitani. Akaniangalia kama mtoto. "Nilimenyea viazi. Nilikata kamba. Nilikata suruali ya mwenzangu mguu ulipopigwa, tupate pa kufunga." Akanyamaza hapo, na mimi sikuendelea.

Nafikiri sisi tunaonunua visu kwa kuangalia sinema hatujui hilo. Askari wa leo ana bunduki. Kisu ni cha kazi: kamba ya hema, kopo la nyama, mkanda wa begi ulionasa, nguo ya majeruhi. Kazi hizo zote hufanywa na mikono yenye matope, usiku, mtu akitetemeka. Kaka alinieleza baadaye anachokitazama, na hakuna hata kimoja nilichokitazama mimi Kariakoo. Bapa lisizidi urefu wa kidole cha kati, kwa sababu refu linalegeza komeo. Lising'ae. Ribiti isicheze: shika ncha kwa vidole viwili, itikise kushoto na kulia, ukisikia mchezo rudisha. Mpini uwe na tundu la kamba, kisu kinachoanguka gizani hakiokotwi. Na komeo ulijaribu mwenyewe, ukiweka mgongo wa bapa kwenye mbao na kusukuma, vidole vikiwa nje ya njia yake. Kisu cha ala, kama cha mjomba, hakina ugonjwa huu hata kidogo, maana hakina kiungo. Kaka alipenda cha kukunja kwa sababu moja tu, kinakaa mfukoni muda wote, hata unapolala, na kisu kilichobaki kwenye begi ni sawa na kisu kilichobaki Sumbawanga.

Baada ya aibu yangu ile, mjomba hakungoja tena. Alikwenda sokoni Sumbawanga, ambako bidhaa za kusini hupenya kupitia mpaka wa Tunduma, akapata Okapi. Angeweza kukituma hivyo hivyo. Hakukituma. Alikipeleka kijijini kwa mtoto wa yule mhunzi wa 1978, ambaye naye sasa ni mzee na anafua kwenye banda lilelile.

Mhunzi, naambiwa, alikicheka kwanza. Kisha akakaa nacho. Akakiponda ribiti mpaka bapa likaacha kucheza. Akachukua tupa na kulisawazisha lile jino ili lizame lote tunduni, maana lilikuwa linaingia nusu. Mpini unaong'aa akausugua kwa mchanga. Akatoboa tundu la kamba. Akakijaribu kwenye gogo mara nyingi kiasi kwamba mjomba alichoka kusubiri, akaenda kunywa togwa na kurudi akamkuta bado anasukuma. Mwisho akasema, "Sasa nakijua."

Kisu cha Kijerumani kilichotengenezwa Afrika Kusini, chenye jina la mnyama wa Kongo, kikapata mtu wa kukijibia Ufipa. Kikafungwa ndani ya gunia la maharage, kikapanda basi, kikafika kwa kaka siku mbili kabla hajaondoka, kidole chake bado kina nyuzi.

Alikaa kule mwaka mzima. Brigedi iliingia vitani, Novemba 2013 waasi wa M23 wakashindwa, na yeye akarudi mwaka 2014 akiwa mzima. Kisu kilikuwa na madoa ya kutu karibu na shina, kwa sababu mvua za kule si mchezo, na alikuwa anakipaka mafuta ya bunduki kila alipokumbuka. Alikitumia kumenya mihogo na kukata kamba. Kuna kazi nyingine alikitumia, akaianza kuisimulia siku moja, akaishia katikati. Yeye na baba yake wanafanana.

Tarehe 7 Desemba 2017 kambi ya Watanzania pale Semuliki, eneo la Beni, ilivamiwa jioni na wapiganaji, na mapigano yakaendelea kwa saa nyingi. Wanajeshi wetu wasiopungua 14 waliuawa. Semuliki haiko mbali na Ituri, kwa okapi wenyewe. Siku habari ilipotoka kaka alikuwa likizo Sumbawanga, na mimi nilikuwa chumba cha habari Dar nikingoja majina. Nikampigia. Hakuna aliloweza kuniambia na mimi sikuwa na la kuuliza, ingawa kuuliza ndiyo kazi yangu. Nikamsikia anapumua, nikasikia upepo wa uwandani kwenye simu, alikuwa ametoka nje.

Safari hii nilipofika nyumbani, kisu kiko juu ya kabati la mjomba, kando ya kile cha 1978. Mjomba alinionyesha vyote viwili mezani. Cha ala kimekuwa chembamba kwa kunolewa, kimebaki kama nusu ya upana wake. Nikakichukua kile cha kukunja, nikakifungua, trak-trak-trak, nikaweka mgongo wa bapa kwenye ukingo wa meza nikasukuma, vidole nimeviweka nje. Kikasimama.

Kaka alikuwa mlangoni ananiangalia.

"Umekitia mafuta?" akauliza.

Nikasema bado.

"Tia basi."